Besiboli kutoka haiskuli hadi chuo: masomo na kiwiko kwanza

ZUHURA: Karibuni. Leo tuko kwenye besiboli ya Marekani. Kijana yuko haiskuli, anacheza vizuri, anataka kuendelea chuoni. Kaka Musa, swali linalokuja kwanza kwa wazazi ni wampeleke kwenye maonyesho gani ya vipaji, yale ya kulipia ambako makocha wa vyuo huja kutazama vijana.

MUSA: Ningewaomba pesa hizo waziweke kando kwanza. Masomo na mkono vinatangulia. Kimojawapo kikiharibika, kasi ya mpira haimwokoi mtu.

ZUHURA: Basi masomo. Divisheni I, daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inadai kozi 16 za msingi: Kiingereza 4, hisabati 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi 2, moja ya ziada kutoka masomo hayo matatu, sayansi ya jamii 2, na nyingine 4 zilizoidhinishwa. Wastani wa kozi hizo, kwa kipimo cha hadi 4.0, usishuke chini ya 2.3. Divisheni II ni 2.2.

MUSA: Wanakokwama ni hapa, dada. Kozi 10 kati ya hizo 16 ziwe zimekwisha kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya gredi ya 12, na 7 kati yake ziwe za Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hizo 10 zikishafungwa, kurudia darasa mwaka wa mwisho hakuzipandishi. Kwa hiyo uzembe wa gredi ya 9 unamfuata mtoto hadi mwisho.

ZUHURA: Na si kila somo la shule linahesabiwa. Kila shule ina orodha yake kwenye tovuti ya NCAA Eligibility Center, ofisi inayothibitisha nani anastahili kucheza chuoni. Familia zilizohamia karibuni zikague hasa madarasa ya Kiingereza ya wanaojifunza lugha. Muulizeni mshauri wa shule, msikisie.

MUSA: Kuna la familia zetu ambalo halisemwi vya kutosha. Divisheni I inahesabu miaka 4 tangu mwanafunzi aanze mwaka wa 9 wa masomo, hata kama aliuanzia nje ya Marekani. Kijana aliyesoma sekondari Kenya au Kongo, akafika Texas akarudishwa gredi ya 9, saa yake ilishaanza kukimbia. Na matokeo ya kule yatatakiwa: nakala ya lugha yake ya asili pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza. Anzeni kuzitafuta mapema, maana barua kutoka shule ya mbali huchukua muda.

ZUHURA: Twende kwenye mkono.

MUSA: Mwongozo wa Pitch Smart, wa MLB, ligi kuu ya kulipwa, na chama cha USA Baseball, unampa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, wa miaka 15 na 16 mitupo isiyozidi 95 kwa siku. Wa miaka 17 na 18, mitupo 105. Akitupa 31 hadi 45, apumzike siku 1. 46 hadi 60, siku 2. Wa miaka 15 na 16 akivuka 75, au wa 17 na 18 akivuka 80, siku 4. Na kwa mwaka, asirushe kwa angalau miezi 4, miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo.

ZUHURA: Namba hizo makocha wanazijua. Tatizo linatoka wapi?

MUSA: Kila kocha anahesabu yake. Wa shule anahesabu mitupo ya Jumanne, wa klabu anahesabu ya Jumamosi, na hakuna anayejumlisha. Katikati ya wiki kijana huyohuyo anawekwa kuwa mdakaji, anayedaka kila mtupo na kuurudisha, mkono hauna hata siku moja ya kupumzika. Misuli ikichoka, mzigo unahamia kwenye kano ya ndani ya kiwiko, ile inayokarabatiwa kwa upasuaji wa Tommy John. Mzazi awe na daftari moja lenye mitupo ya timu zote, na awe na ujasiri wa kumwambia kocha "leo hatupi".

ZUHURA: Na yale maonyesho ya Januari yenye rada za kupima kasi ya mtupo?

MUSA: Kijana aliyepumzika tangu Oktoba anaingia na kurusha kwa nguvu zote ili aandikiwe maili 88 kwa saa. Hapo ndipo mikono inapokatika. Kama lazima aende, arejee kurusha taratibu kwa wiki 6 hadi 8 kabla.

ZUHURA: Video sasa, kwa sababu hiyo karibu haina gharama. Dakika 2 au 3, bila muziki. Mwanzoni jina, mwaka wa kuhitimu, nafasi, urefu, uzito, mkono anaorushia na anaopigia. Mpigaji achukuliwe kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Mrushaji vilevile, na aonyeshe kila aina ya mtupo alio nao. Mdakaji asikatwe vipande: kocha anataka kupima mwenyewe tangu mpira unapogonga glavu yake hadi unapofika beisi ya pili. Sekunde 2.0 ni nzuri sana kwa haiskuli.

MUSA: Kisha barua pepe, na aiandike kijana mwenyewe, si baba. Ataje kwa nini chuo hicho, aweke kiungo cha video, wastani wa alama na ratiba ya mechi. Kocha wa Divisheni I haruhusiwi kuzungumza naye kuhusu kumsajili kabla ya Agosti 1 ya kuingia gredi ya 11. Akiwa gredi ya 10, ukimya huo si kukataliwa.

ZUHURA: Na ufadhili?

MUSA: Kikomo cha zamani cha Divisheni I, ufadhili kamili 11.7 wa kugawana timu nzima, kimeondoka katika vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya mahakamani ya 2025 kuhusu kuwalipa wanamichezo, lakini timu zao sasa haziruhusiwi kuzidi wachezaji 34. Nafasi za wanaotoka haiskuli zimebana. Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo, ila hutoa wa masomo na wa uhitaji, na kwa mwenye alama nzuri huo unaweza kuwa mkubwa zaidi.

ZUHURA: Vyuo vya miaka miwili watu huvidharau.

MUSA: Bure kabisa. Albert Pujols alihamia Marekani akiwa kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, akapitia Maple Woods, chuo cha jamii cha Kansas City, na timu ya kulipwa ya St. Louis Cardinals ikamchagua raundi ya 13 ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1999. Alimaliza na homurani 703, yaani mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa beisi. Kijana akiandika barua 30, walau 10 ziende vyuo vya miaka miwili vilivyo karibu na nyumbani.