Taji la Kibarua: Mhadhara kuhusu Tamasha la Vevey

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nianze kwa bwana mmoja aliyenidaka pale mlangoni. Kaniuliza, "Mwalimu, wewe tangu tukujue hunywi hata togwa iliyolala. Tamasha la mvinyo linakuhusu nini?" Wakacheka, nami nikacheka. Ila swali hilo nimelijibu mara nyingi mpaka limenichosha, kwa hiyo leo nalijibu mbele ya wote, tulizike.

Tamasha la Vevey, kule Uswisi, halimpi mvinyo zawadi yoyote. Hakuna jopo la waonjaji wanaosukutua na kutema kwenye ndoo. Kinachopimwa ni kazi ya shambani, na anayevishwa taji ni aliyeifanya kazi hiyo. Mwenye shamba hana taji. Mwenye pipa naye hana.

Vevey ni mji mdogo kando ya Ziwa Geneva. Magharibi yake ni Lavaux, mteremko mkali uliokatwa matuta kwa matuta, kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe. Zamani mashamba mengi yalikuwa ya matajiri wa mjini, na tajiri hapandi mteremko ule na mkasi mkononi. Alimweka mtu, akampa kipande chake cha mizabibu akihudumie mwaka mzima kwa malipo waliyopatana. Wenyewe wanamwita tâcheron. Wazee wetu waliokata mkonge wangemwelewa bila mkalimani, maana ngwe wanaijua.

Sasa kuna chama, Confrérie des Vignerons, yaani Udugu wa Wakulima wa Mizabibu, kinachojulikana tangu karne ya 17. Chama hiki hutuma wakaguzi shambani. Hapa naomba mnivumilie, napapenda. Mkaguzi anaingia kati ya mistari ya mizabibu. Anainama kwenye jeraha la mkasi: tawi limekatiwa wapi, limeachiwa macho mangapi ya kuchipua? Ukiacha macho mengi, mti unazaa vishada vingi visivyo na utamu, na mwakani umechoka. Ukiacha machache mno, umemnyima mwenye shamba. Anatazama vichipukizi kama vimefungwa vizuri, majani kama yamepunguzwa hewa ipite, maana unyevu ukituama ukungu unaingia. Anatazama magugu. Anaandika alama, anakwenda kwa mwingine. Na haji mara moja tu, anarudi tena na tena katika msimu, kwa hiyo huwezi kufagia siku ya mgeni halafu ukalala. Kila baada ya miaka mitatu hesabu inafungwa, watu wanapewa medali.

Najua, kuna kijana hapa ameshakunja uso. Anasema huo ni unyapara tu uliovalishwa kilemba. Ndiyo, mwanangu, ulianza hivyo. Wenye mali walitaka kujua kama mali yao inatunzwa, sikatai hata kidogo. Lakini nitajie mnyapara mwingine aliyemaliza ukaguzi wake kwa kumpandisha kibarua jukwaani, katikati ya uwanja wa soko, akavikwa taji mji mzima ukitazama. Mwaka 1797 walifanya hivyo. Mwaka 1797! Mimi nimehudhuria sherehe za mavuno ambazo mkulima alikaa juani, hema likiwa la wageni waalikwa, na cheti akapewa mdhamini. Sitaji wapi. Wanaojua wanatazama chini.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Nikimbie.

Tamasha lenyewe kubwa, lile la maonyesho ya uwanjani ambamo taji linavishwa, haliji kila mwaka, linakuja kama mara moja kwa kizazi. Karne iliyopita lilifanyika 1905, 1927, 1955, 1977 na 1999. La mwisho ni 2019, kuanzia tarehe 18 Julai hadi 11 Agosti. Pigeni hesabu: mtoto aliyecheza akiwa na miaka saba mwaka 1955 alikuwa na 29 lililofuata, 51 lile la 1999, na 71 mwaka 2019. Maisha yake yote yanaingia kwenye vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana 2019 watu wapatao 5,500, wengi wao wenyeji wa eneo lile wanaojitolea, walikubali kufanya mazoezi miezi na miezi. Nani atakataa, akijua nafasi nyingine itamkuta na mjukuu?

Unesco waliliingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2016. Kikao kilikaa wapi? Addis Ababa. Na kikao hichohicho kikaingiza Gada, mfumo wa uongozi wa Waoromo wa Ethiopia, ambao hukabidhiana uongozi marika kwa marika kila miaka minane. Mambo haya mawili yanafaa kuwekwa pamoja, na nilikuwa nimeandaa kurasa tatu. Haya, zitabaki mkobani. Wimbo wa wachunga ng'ombe wa Fribourg, jimbo jingine la Uswisi, ambao uwanja mzima huusimamia watu wakilia, nao sitaugusa.

Fedha, kwa kuwa mtaniuliza. Mwaka 2019 walijenga uwanja wa viti 20,000 kwenye soko, bajeti ikakaribia faranga milioni 100, na mwisho wakapata hasara ya zaidi ya milioni 15. Wapo wanaosema walijitanua kupita kiasi. Mimi nawaunga mkono. Kadiri jukwaa lilivyokuwa kubwa ndivyo kibarua alivyozidi kuonekana mdogo, na hilo ndilo linalonikera kuliko hasara yenyewe.

Lini litafuata? Chama ndicho kitakachoamua. Wakaguzi hawaingoji tarehe hiyo, wao wako shambani kila msimu, wanahesabu macho.

Nimemaliza. Yule bwana wa togwa, kama bado una swali, anza wewe.