Jumapili Saa Nane: Ligi ya Kanda ya Wanawake, North West

KAKA: Haya wasikilizaji, dada yangu tunae hewani kutoka Preston, Lancashire. Jana nimempigia mara tano hapokei. Ulikuwa wapi we dada?

DADA: Uwanjani kaka! Ligi ya kanda ya wanawake, North West, ngazi ya tano. Nimefika mapema, manyunyu yanapiga, nakuta wachezaji wenyewe ndo wanafunga nyavu, beki mmoja kasimama juu ya kiti cha plastiki anahangaika na kulabu, katoka shifti ya usiku hajalala, na mechi ilivyoanza huyohuyo ndo anazima mashambulizi yote.

KAKA: Aisee. Sasa ngazi ya tano ndo wapi, maana huku tunaijua WSL tu, ligi kuu ya wanawake ya huko, Chelsea, Arsenal, basi.

DADA: Juu WSL, inafata WSL2 ile zamani ikiitwa Championship, halafu National League ina ngazi mbili, ya tatu na ya nne. Hapo chini ndo ligi za kanda, ziko nane Uingereza nzima.

KAKA: Kwa hiyo ni ndondo.

DADA: Hapana bwana, ndondo mkishinda mnapewa mbuzi mnachinja kesho kila mtu kwake. Hii bingwa anapanda daraja! Yaani timu ya mtaa ikishinda, ikashinda tena, njia ya mpaka WSL iko wazi, na Kombe la FA wanaingia pia, kule raundi za mchujo. Mi hicho ndo kinanigusa, kwa sababu mji huuhuu ndo walifungiwa mlango.

KAKA: Nani alifungiwa?

DADA: Dick, Kerr Ladies! Timu ya mabinti wa kiwanda cha mabomu hapa Preston, walianza 1917 wakati wa vita, hela za viingilio zinaenda kwa majeruhi. Desemba 26, 1920 wakacheza na timu ya St Helens pale uwanja wa Goodison Park, Liverpool, watu 53,000 kaka, na wengine kibao wakabaki nje ya geti. Mwaka haujaisha, Desemba 1921, FA, chama cha mpira cha Uingereza, wakasema mpira haufai kwa wanawake, vilabu vyote marufuku kuwapa uwanja. Karibia miaka 50!

KAKA: Hamsini? Hapo bibi na mama wote wamepitiwa.

DADA: Wote. Na hawakuacha, walicheza popote walipopata. Lily Parr, winga wa kushoto, shuti lake lilikuwa hatari, alikuwa nesi hospitali ya Whittingham hapahapa karibu, anauguza wagonjwa na mpira anacheza, mpaka 1951. Sasa hivi ana sanamu yake Manchester kwenye makumbusho ya mpira. Ndo maana yule beki wa shifti ya usiku nilimwangalia sana jana, nikawa namuona Lily.

KAKA: Haya, na mechi ikaishaje?

DADA: Tatu mbili, la tatu kona dakika za mwisho, yeye beki kapiga kichwa. Wenzie wakamrukia wote kwenye matope. Halafu giza linaingia naona kakirudia kile kiti, anashusha nyavu.

KAKA: Na wewe ulikuwa unafanya nini?

DADA: Nimemshikia kiti.