Uani Kwetu: Mkarakara Uliochanua Ukakosa Matunda

SAIDI: Shikamoo shangazi.

ZUHURA: Marahaba mwanangu. Wasikilizaji wetu hamjambo, karibuni uani.

SAIDI: Leo tumekaa nje kabisa, nyumbani kwa shangazi hapa Tanga. Mkisikia mvumo mzito unapita karibu na maikrofoni, msishtuke.

ZUHURA: Huyo ndiye tutakayemzungumzia. Nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao. Watu wengi wakimwona hukimbilia kandambili.

SAIDI: Anza na habari ya mkarakara, maana mimi ndiyo iliyonifungua macho.

ZUHURA: Mkarakara wangu, huu wa matunda ya njano, ulikuwa unazaa mpaka tunagawa kwa majirani. Kisha nikapata fedha kidogo, nikaamua kutengeneza ua. Zile boriti kuukuu nikazing'oa, zikawa kuni. Nikajenga ukuta wa matofali, na chini nikaweka pevingi nusu ya uwanja. Uani pakapendeza, pakawa peupe. Masika yalipokwisha mkarakara ukachanua ukuta mzima. Maua yakafunguka, yakafunga, yakadondoka. Tunda hata moja sikuliona.

SAIDI: Ukadhani ni ugonjwa.

ZUHURA: Nikatia samadi, nikamwagilia, nikapulizia dawa. Ile dawa ndiyo iliyozidisha, nitaieleza. Mwisho nikachukua kigoda nikaketi mbele ya ua moja tangu adhuhuri. Karakara ya njano haichanui asubuhi, hufunguka jua likiwa utosini na kujifunga usiku. Ukilitazama kwa karibu utaona vijiti vitano vimebeba chavua, ule unga wa maua, vimeinama kuelekea chini. Juu yake kuna vidole vitatu vya kupokelea chavua. Ua likifunguka tu, vile vidole vimesimama. Ukikaa kama saa moja utaviona vinapinda taratibu, vinashuka mpaka karibu na usawa wa chavua. Ua linajiinamisha kumngoja mtu.

SAIDI: Na aliyekuja ni nani?

ZUHURA: Nyuki wa asali, wale wadogo. Wakaja wengi, wakachota chavua, wakaenda zao. Miili yao ni midogo, wanapita chini bila kugusa vile vidole. Na chavua ya karakara ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Anatakiwa mdudu mwenye mgongo mpana, akiinama kunywa utamu wa ua mgongo wake unasugua juu. Huyo ni nyuki wa mbao, na nyumba yake ilikuwa ndani ya zile boriti nilizozichoma.

SAIDI: Hapo ndipo uliponiambia hukulala.

ZUHURA: Sikulala. Nilikumbuka vile vitundu kwenye boriti, vya mviringo kama vimetobolewa kwa keekee, na unga wa mbao chini yake. Miaka yote nilikuwa naufagia bila kuuliza unatoka wapi. Ndani ya kila njia, jike huweka donge la chavua na utamu wa maua, hutaga yai moja juu yake, huziba kwa unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Nilichoma watoto waliokuwa wanasubiri kutoka.

SAIDI: Shangazi, hukujua. Lakini msimu ule ulipata matunda.

ZUHURA: Kwa mkono wangu. Na hapa msikilizaji anishike vizuri: mkarakara wa njano haukubali chavua yake wenyewe. Hata ukiitoa ua hili ukaipaka ua lile la mti ule ule, hakuna kitu. Lazima itoke mti mwingine. Kwa hiyo kila saa nane mchana nilikwenda kwa jirani na brashi ndogo, nikachukua chavua, nikarudi kupaka kwangu. Mwenye mkarakara mmoja peke yake mtaa mzima apande wa pili, na autoe kwenye mbegu nyingine. Akikata pando kwenye ule ule wa kwanza, hiyo ni damu moja, haitasaidia.

SAIDI: Sasa nyuki uliwarudishaje?

ZUHURA: Sikumleta mtu. Nilichukua gogo kavu la mwembe, lisilopakwa rangi wala dawa ya mchwa, nikalifunga chini ya kipenu ambako mvua haifiki. Jingine nikalisimamisha pale pembeni. Mwaka ukapita kimya. Mwaka wa pili nikaona unga wa mbao chini yake, nikamwita mume wangu aje aone.

SAIDI: Wapo watakaouliza: hawatatoboa paa langu?

ZUHURA: Anapenda mti mkavu mtupu. Mbao za nyumba zipake rangi, yeye mwachie gogo. Na jike huuma ukimshika mkononi, lakini hana haja na wewe.

SAIDI: Turudi kwenye dawa.

ZUHURA: Ua lililofunguka lisipuliziwe dawa. Hata ile ya mwarobaini tunayochemsha wenyewe, usiimwage juu ya maua. Chukua boga: ua lake hufunguka alfajiri, mchana limeshanyauka, na la dume liko mbali na la jike. Ukipulizia asubuhi, umewafukuza nyuki siku nzima. Ukiona vidukari, sugua jani kwa maji ya sabuni, jioni.

SAIDI: Na viwavi? Hapo ndipo wengi tunaposhindwa.

ZUHURA: Njoo kwenye mlimau. Unaona hii juu ya jani?

SAIDI: Kinyesi cha ndege.

ZUHURA: Iguse kidogo.

SAIDI: Loo! Ametoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa! Na harufu kali.

ZUHURA: Ni kiwavi mchanga, amejifanya kinyesi ili ndege asimdonoe. Akikua anakuwa kijani kama jani. Huyo ndiye kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano unayemwona kila mvua. Mlimau mkubwa unamudu kuliwa majani machache. Mche ukiwa mdogo, mhamishe kiwavi umpeleke kwenye mti mkubwa. Huwezi kusema unapenda vipepeo huku unaua watoto wao.

SAIDI: Maji je? Tanga mbu tunao.

ZUHURA: Kibeseni kifupi chenye kokoto zinazochomoza juu, nyuki asizame, na maji yabadilishwe kila siku. Kila siku, sisemi kila wiki. Lava wa mbu hawapati nafasi. Wale ndege wadogo, chozi, nao wanakuja kuoga asubuhi, hasa tangu nilipopanda shubiri pale ukutani. Ikichanua, dume anang'aa juani hapo, unasahau chai yako.

SAIDI: Nyoka?

ZUHURA: Hofu hiyo ni ya kweli, siipuuzi. Rundo la kuni na majani liwe mbali na mlango na dirisha la kulala, njia ifagiwe, na usiku tembea na taa. Mimi nimeacha pembe moja tu, hatua kama nne kwa tano. Hapo sifagii. Ardhi nimeiacha wazi kwa sababu wako nyuki wengine wadogo wanaochimba vitundu udongoni. Wakifunikwa pevingi, hawana pa kwenda.

SAIDI: Mwenye pevingi uwanja mzima afanyeje?

ZUHURA: Ang'oe nne tu kando ya ukuta. Apande rehani, kisha aiache ichanue. Sisi tunaikata kila mara kwa ajili ya harufu, haifiki kwenye maua. Nyuma yake apande mbaazi, nyuki wa mbao wanazipenda mno, na wewe unapata mboga. Mvua za vuli zikianza Oktoba, mbegu ziwe tayari.

SAIDI: Shangazi, hebu subiri. Unasikia?

ZUHURA: Nasikia. Usisogee. Yuko ua la pili kutoka juu. Tazama mgongo wake.

SAIDI: Umekuwa wa njano wote.

ZUHURA: Ametoka kwa jirani.