Bwana Gurpreet ni mimi

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani! Niko Brampton, hapa Kanada, ndani ya gari, maana nje theluji haina utani. Nimetoka shifti ya usiku na nina kisa.

Wiki yangu ya kwanza ghalani msimamizi aliniambia, "Chukua ufunguo kwa Gurpreet." Nikazunguka nikiuliza bwana Gurpreet yuko wapi. Mama mmoja mwenye shali akaniangalia weee, halafu akacheka: "Bwana Gurpreet ni mimi."

Kumbe kwa Wasikh, hawa tunaowaita Makalasinga, jina la kwanza ni la yeyote, mvulana au msichana. Wakati wa chai mama huyo, ambaye wote tunamwita Anti-ji, alirarua kipande cha boksi akaniandikia kwa kalamu nene: Gur ni guru, yaani mwalimu wa dini, preet ni mapenzi. Weka Har mbele, yaani Mungu, unapata Harpreet. Weka deep nyuma, yaani taa, unapata Gurdeep. Na herufi ya kwanza haichagui baba wala bibi. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, hufunguliwa popote, na utenzi ulio juu ya ukurasa wa kushoto ukianza na herufi fulani, jina litaanza na hiyo. Sisi tunaogombania jina la babu wa upande gani, tumesikia?

Kinachowatofautisha ni Singh kwa mwanamume na Kaur kwa mwanamke. Singh ni simba. Kaur, wengi husema ni binti mfalme. Warajputi, koo za kivita za India, walikuwa na Singh tangu zamani, ila mwaka 1699 kule Anandpur, Punjab, Guru Gobind Singh, kiongozi wa Wasikh, alipounda Khalsa, yaani jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha dini, likawa la wanaume wote. Kwa nini? Kwa sababu jina la ukoo lilikuwa linakuanika tabaka lako. Gill na Sidhu, wakulima Wajat. Bedi na Sodhi, Wakhatri, wafanyabiashara. Matharu na Bhogal, Waramgarhia, mafundi wa mbao na chuma. Mkiitwa Singh nyote, nani atajua? Lakini koo hazikufa, zimejibandika mwishoni. Beji ya Anti-ji imeandikwa Kaur tu, ila chai haiishi kabla hajakwambia kwao ni kina Gill.

Waramgarhia hao ndio walikuwa wengi kati ya mafundi Wasikh wa reli yetu iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Na wazee mnamkumbuka Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally 1965, 1974 na 1976. Tulimwita Simba wa Kenya. Simba juu ya simba! Na msiniambie neno letu tumelitoa kwao. Simba ni la Kibantu, yamefanana tu. Mwaka 1965 alikuwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo. Jas ni sifa, want ni mwenye.

Kipande cha boksi ninacho bado, hiki hapa, kina alama ya kikombe. Kama ulisoma Kisumu na kina Matharu au Bhogal, niandikie hapo chini. Anti-ji anataka kujua kama ni jamaa zake wa kwa shemeji.