Soya na Rizobia: Namna ya Kuchanganya Bila Kuwaua

Mwakeye ndugu zangu! Tupo Kasulu, mvua imeshalowesha udongo, leo tunapanda soya. Ile samadi mnayoiona nyuma yangu nauza, tutaongea baadaye.

Tuanze nayo, haraka haraka. Ni ya mbuzi na ng'ombe, imelundikwa miezi mitatu na nimeigeuza mara nne. Chomeka mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, iache kwanza. Mbichi inaunguza mizizi na inakuletea mbegu za magugu. Hii imepoa, haina harufu, inapukutika kama kahawa iliyosagwa. Mwaga kwenye mstari, changanya na udongo, basi. Kushika jembe sikufundishi.

Sasa pakiti. Unga huu mweusi una bakteria wanaoitwa rizobia. Wanaingia kwenye mzizi wa soya, wanajengewa vinundu, wanakamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Mmea nao unawalisha sukari. Soya ina wa kwake, kwa hiyo usichukue pakiti ya maharage ukasema zote kunde. Soma na tarehe ya mwisho.

Na wako hai. Jua linawaua. Nasema tena: jua linawaua!

Msimu juzi nilichanganya vizuri kabisa, halafu nikaanika mbegu juani kwenye turubai kama mtu anayeanika mahindi, nikaenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa nzuri. Soya ikaota njano tupu, nikafukua shina baada ya shina, mizizi mitupu kama nywele. Pesa ya pakiti nilikuwa nimeianika juani.

Kwa hiyo tupo chini ya mwembe. Kilo kumi za mbegu kwenye beseni. Sukari vijiko viwili vya chakula kwenye maji mililita 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ndogo ya maji. Maji ya baridi. Mimina kidogo kidogo, geuza mpaka mbegu zing'ae, zisielee. Nyunyiza unga, geuza tena taratibu. Usisugue kama unafua jinzi, ganda la soya ni laini, likichubuka mbegu haioti. Mnaona? Kila punje imevaa koti jeusi...

Mpwa! Jua! Jua limeingia kwenye beseni! Vuta, vuta huku! Acha simu, vuta beseni!

Haya. Mmejionea wenyewe. Tumekaa tunaongea, kivuli kimehama bila kuaga. Funika na gunia bichi, lile lililoloweshwa kidogo. Mpwa, usicheke, endelea kurekodi. Na huyo kuku mfukuze.

Usichanganye unga huu na majivu, wala mbolea ya chumvichumvi, wala mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu. Urea nayo iache. Mmea ukipewa naitrojeni mezani, hauhangaiki kujenga vinundu. Wanachotaka soya na rizobia wake ni fosforasi. Mimi kwenye mistari nimeshatia fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mwamba yenye fosforasi hiyo, maana udongo wangu una tindikali na humo inayeyuka vizuri.

Kupanda: mstari hadi mstari sentimita 45 au 50, mbegu hadi mbegu 10, kina sentimita tatu au nne. Chukua mbegu kidogo kidogo, zingine zibaki chini ya gunia. Ukidondosha, fukia hapo hapo. Usiende kupiga soga mfereji ukiwa wazi. Udongo ukiwa mkavu, usichanganye kabisa, subiri mvua. Mbegu zilizochanganywa ziishe siku hiyo hiyo.

Sasa njooni bondeni, hizi nilipanda mapema kwa kumwagilia, zimeanza maua. Wakati huu ndio wa kukagua. Usivute shina, vinundu vitabaki ardhini. Chimba pembeni kwa jembe, inua na udongo wake, suuza. Mpwa sogeza simu. Huo ni mguu wangu, sogeza kwenye mzizi. Hapo. Nakipasua hiki kinundu kwa ukucha... kwekundu ndani, kama ufizi wa mtoto. Huyo anafanya kazi. Ukikuta cheupe au kijani, hakifanyi kitu.

Samadi nauza kwa gunia. Ukija, njoo na gunia lako, yangu yameliwa na mchwa.