Mto Abiskojåkka: maji maangavu mahali penye mvua kidogo kuliko Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma na kwingineko, karibuni. Leo niko Abisko, kaskazini ya mbali ya Uswidi, kama kilomita 200 ndani ya Duara la Aktiki. Ngoja nisogeze kamera majini. Mnaona? Hapa kina kinafika kiunoni, lakini kila kokoto linaonekana, hata ile mishipa myeupe kwenye jiwe lile kubwa.

Huu ndio Abiskojåkka. Huko juu unapita ziwa la Abiskojaure, kilomita 15 hivi kwa miguu kutoka hapa. Tope la vijito vya milimani linatuama ziwani, yanatoka maji matupu. Na huku chini mto hauna udongo mwingi wa kuchimba, ni mwamba na changarawe.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niwashe kamera. Abisko inapata milimita 300 hivi tu kwa mwaka, mvua na theluji pamoja. Dodoma yetu inapata zaidi ya 500! Mawingu ya baharini yanamwaga maji upande wa Norwe, yakivuka milima yamekwisha nguvu. Mbona basi mto wetu wa Kinyasungwe kiangazi unabaki mchanga mtupu, na huu unanguruma? Kwetu jua linanyonya maji kabla hayajafika mtoni. Huku yanalala juu ya ardhi miezi mingi yakiwa theluji, hayapotei hewani sana, kisha Mei na Juni yanashuka kwa pamoja. Tena vyanzo viko magharibi, milimani, kunakonyesha kuliko hapa. Mimi naona wingi wa mvua peke yake hautuambii kitu. Tuulize pia maji yanakaa wapi.

Twende korongoni. Tazameni kuta hizi: matabaka membamba ya mwamba yamelaliana kama khanga kwenye rafu ya duka. Maji yamebanwa katikati, ndiyo maana napaza sauti. Mbele kidogo yanaingia ziwa Torneträsk, lenye kina cha mita 168, kisha yanafuata mto Torne mpaka Bahari ya Baltiki, mpakani mwa Uswidi na Finland.

Anayetaka kuja, Julai ni nzuri. Treni ya Kiruna kwenda Narvik inasimama hapa karibu, unatembea dakika chache tu. Mwamba uliolowa unateleza sana, kwa hiyo mwenye watoto awashike mkono.