Haki Ipimwe Uani kwa Watu

Wazee wangu, shikamooni. Wengine nyote, habari za jioni.

Mmenipa mada ya kupima haki ya mazingira. Nami naianzia Owino Uhuru, mtaa uliobanana pale Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu, kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, si ya bunduki. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakatiririka mtaani. Kilifungwa 2014.

Ukichukua hewa ya Mombasa yote ukatafuta wastani, mji unaweza kuonekana mzima kabisa. Lakini mtoto hakai kwenye wastani. Anatambaa uani kwao, kiganja kimejaa vumbi, na kiganja hicho hicho kinaingia kinywani. Ndiyo maana nasema pimeni udongo wa mlangoni, palepale mama anapofagia asubuhi. Halafu pimeni damu. Shirika la Afya Duniani linataka hatua zichukuliwe damu ikifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita, na linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi inadumaza akili ya mtoto, na kilichopotea hakirudi.

Phyllis Omido aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Alishtuka mwanawe mdogo alipougua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Mapambano ya wakazi kudai haki yao mahakamani yalitokana na damu ya mtoto mmoja na mama aliyekataa kunyamaza.

Kuna kipimo kingine ambacho wataalamu wetu hukisahau, nacho kinaniuma zaidi: miaka. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Hesabuni wenyewe: aliyezaliwa kiwanda kikiwashwa alikuwa ameshafika umri wa shule ya sekondari.

Kwa hiyo mkienda mitaani kwenu na daftari, msiandike kiasi cha sumu peke yake. Andikeni ni hatua ngapi kutoka ukuta wa kiwanda hadi mlango wa nyumba, nani alijulishwa kabla ya ujenzi, mwaka gani walilalamika, mwaka gani walijibiwa. Safu ya mwisho iwe ya malipo, na muiache tupu mpaka fedha zifike mkononi mwa familia yenyewe.